Mkwe wa Kasansa

Jumatatu, 17 Novemba 2025, Mpanda

Nimepata! Nimepata, nimepata! Nimerudi ofisini nikicheza peke yangu mpaka muuza duka la dawa wa chumba cha mbele akaja kuuliza kama nimeumwa na siafu.

Mzee Fabiani, katibu wa umoja unaoendesha zahanati sita za vijijini, amekubali kunijaribu. Nimemfuata huyu mzee kanisani, sokoni, hata msibani, nikimweleza kuwa ofisi yangu inatafuta wauguzi na wakunga na kuwapeleka wanakohitajika, na kila mara alikuwa ananiitikia tu kama mtu anayefukuza nzi. Leo ametoa sharti lake. Ni Kasansa.

Zahanati ya Kasansa ina chumba kizuri cha kujifungulia, kitanda kipya, maji na taa za jua. Ila haina mkunga anayekaa. Mvua zikianza tu, mkunga anapata msiba wa ghafla kwao, halafu haonekani tena.

"Dada Theopista," mzee ameniambia, "weka mkunga pale amalize mvua, na akina mama waje wajifungue. Pasaka nikikuta chumba kina kazi, wahudumu wa zahanati zote sita utaniletea wewe. Nikikikuta kitupu nakifunga, na mimi na wewe tusisumbuane tena."

Zahanati sita! Zikinipita hizi nafunga ofisi na kurudi kuomba kazi wodini, nikasimamiwe na wasichana niliowafundisha mwenyewe kushika sindano. Damiano, mume wangu, amesikia habari akasema, "Hongera dalali wa manesi." Jina hilo amelianzisha yeye na sasa mtaa mzima wa Makanyagio wanalo. Dalali anauza viwanja na mbuzi! Kazi yangu haina jina zuri kwa Kiswahili, lakini hilo silitaki.

Jumanne, 18 Novemba

Mvua ya kwanza. Umeme umekatika. Nina furaha hata hivyo.

Alhamisi, 20 Novemba

Mungu ananipenda waziwazi, hata hafichi.

Nimempata mkunga. Anaitwa Gervas, Mfipa, mpole, mikono safi, na kliniki aliyokuwa anafanyia kazi hapa mjini imefungwa. Najua, ni mwanaume. Lakini nimewahi kumwona akizalisha na sijaona mwanamke anayemzidi utulivu. Na subiri nimalize. Mkewe, Recho, ni Msukuma wa Kasansa! Mama yake mzazi, mama Esteria, anaishi karibu kabisa na zahanati, na ndiye ambaye wanawake wa kule humwita awasindikize wakishikwa na uchungu.

Nimekaa nikajichekea. Mkunga anaweza kumkimbia katibu, anaweza kunikimbia hata mimi. Nani atamkimbia mama mkwe wake? Watampa nyumba, watamlisha, na wanawake watamwamini kwa sababu ni wao.

Nilipomwambia Gervas, alitazama mlango. "Kwa akina Recho? Palepale?"

"Palepale!"

"Sawa bosi. Kazi ni kazi."

Furaha imemkaba, maskini.

Jumatatu, 24 Novemba, Kasansa

Nimempeleka mwenyewe. Mwenyekiti wa kijiji ameitisha mkutano, watu wamejaa, Wapimbwe na Wasukuma, wengine wamekuja na ng'ombe wao kabisa. Nilisimama nikapandisha sauti. "Ndugu zangu, sijawaletea mgeni! Nimewaletea mkwe wenu! Kuanzia leo huyu si mkwe wa nyumba moja, ni mkwe wa Kasansa yote!"

Vijana walipiga makofi. Akina mama wa makamo wote walijifunika nyuso kwa vitenge na kuinamisha vichwa, wengine wakageuka kabisa. Nimefanya kazi na watu miaka mingi lakini sijawahi kuona watu wakizidiwa na furaha kiasi hicho.

Jumatano, 10 Desemba, Mpanda

Gervas amepiga simu, mtandao ulikuwa unakatika. Anaendelea vizuri. Hajazalisha bado. Nimemwambia avute subira, hata nyama ngumu huiva.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Wali, kuku, mvua. Damiano amenipa zawadi ya mwavuli akasema dalali hapaswi kulowa.

Ijumaa, 9 Januari 2026

Bado hajazalisha hata mmoja. Wanawake wanaleta watoto wachanga kwa chanjo, watoto wa siku chache, kwa hiyo wanazaa, tena wanazaa vizuri. Wanazalia nyumbani. Nimemuuliza kwa nini, akajibu, "Ni mambo ya heshima, bosi." Nikamwambia heshima tumeipata siku ya mkutano, sasa tunataka kazi.

Jumatatu, 19 Januari

Nimempigia mwenyekiti wa kijiji kwa siri. Nimemuuliza kama Gervas anakunywa. Hanywi. Anagombana na watu? Hapana, wanampenda sana. Ila, mwenyekiti akasema, akicheka, anapenda kuingia kwenye mashamba ya mahindi. Unamwona yuko njiani, mara hayupo, kaingia kwenye mahindi. Anatoka baadaye, suruali yote maji.

Sikulala vizuri. Nimemkabidhi chumba cha kujifungulia mtu anayekimbilia mahindini! Pengine ana tatizo la akili ambalo cheti hakilionyeshi.

Jumatatu, 26 Januari

Nimetafuta mkunga wa kike. Wa kwanza amesema Kasansa ni mbali. Wa pili amesema atakwenda mvua zikiisha. Wa tatu alipata msiba wa ghafla hapohapo kwenye simu, hata sijamaliza kumwambia ni wapi.

Jumatano, 11 Februari

Mvua, matope, mzee Fabiani. Kaniuliza njiani, "Vipi Kasansa?" Nikasema, "Inanoga." Mungu anisamehe.

Ijumaa, 27 Februari

Nimeshika kichwa, nacheka na kulia kwa zamu.

Recho, ambaye amebaki hapa mjini, alikuja ofisini leo kuacha nguo za mumewe zipelekwe Kasansa. Nilimkalisha. Nikamwambia kwa upole, kama ninavyowaambia ndugu wa mgonjwa, "Mwanangu, mumeo hana shida yoyote? Nasikia anaingia kwenye mahindi."

Recho akanishangaa. "Sasa akimwona mama anakuja, afanyeje? Si lazima ampishe njia?"

"Ampishe kwa nini?"

"Ni mkwe wake! Hawawezi kuonana uso kwa uso. Na mama hawezi kuingia chumba alichomo yeye. Aibu hiyo."

"Na mama yako ndiye anayesindikiza wazazi."

"Eeh. Yeye na mama wadogo, na wote wa rika lake. Mwanamke ataendaje kuzaa peke yake?"

"Wa rika lake wanahusikaje? Gervas kaoa kwenu, hajaoa kwao!"

Recho akaangalia chini. "Ingekuwa ni mkwe wa nyumba yetu tu, tungehangaika sisi. Lakini mama, wewe ulisimama mkutanoni ukasema ni mkwe wa Kasansa yote. Ulisema mbele ya mwenyekiti. Basi kila mama pale akawa mama mkwe."

"Mbona hamkuniambia!"

"Tulijua unajua, mama. Mtu mzima kama wewe."

Mimi nimezaliwa mjini. Mama mkwe wangu nakaa naye kochi moja, tunaangalia tamthilia na kunyang'anyana rimoti. Hata babu zangu Wakonongo walikuwa na mambo haya, nimesikia yakisimuliwa, lakini sikudhani kuna mtu bado anaingia mahindini kwa ajili yake. Na zile nyuso zilizofunikwa mkutanoni! Nilidhani ni furaha! Nilikuwa nimesimama pale nikifunga mlango wa zahanati kwa mdomo wangu mwenyewe, huku nikipigiwa makofi.

Alhamisi, 5 Machi

Pasaka inakuja mbio. Nimeamua. Kuna kliniki hapa mjini inataka muuguzi wa kiume haraka. Namtoa Gervas Kasansa, nampeleka hapo, angalau nibaki na mteja mmoja. Mzee Fabiani nitamwambia ukweli. Biashara ni biashara. Simu haishiki Kasansa, naenda kumchukua mwenyewe.

Jumatatu, 9 Machi, Kasansa

Bodaboda imezama kwenye tope mara nyingi hata sikumbuki. Mwisho kijana mmoja, Manyanda, alinivuta na mkokoteni wake wa ng'ombe, mimi nimekaa juu kama gunia la mpunga. Kumbe ni kaka yake Recho. Mkewe, Happiness, ana mimba ya kwanza, siku zake zimefika.

Gervas nimemkuta anapanga vifaa visivyotumika, kila kimoja kinang'aa. Nikamwambia tunaondoka kesho. Hakubisha. Akasema tu, "Ningetamani nizalishe hata mmoja, bosi." Nilimwona akipanga tena ile mikasi iliyokwisha kupangwa, nikajisikia vibaya kwa yale niliyomdhania Januari.

Jumanne, 10 Machi, Kasansa

Naandika, naandika sasa hivi kabla sijasahau hata neno moja.

Asubuhi begi la Gervas lilikuwa limeshafungwa nyuma ya bodaboda. Tukasikia ng'ombe. Manyanda anakuja mbio, anapiga kelele, na kwenye mkokoteni yuko Happiness analia kwa uchungu. Kwa kuwa ni mimba ya kwanza walitaka kumwahisha hospitali kubwa, mto ukawakatia njia. Hapakuwa na pengine pa kwenda. Aliyemshika kichwa alikuwa mama Esteria.

Gervas alipomwona mama mkwe wake aliruka nyuma ya tenki la maji. Mama Esteria naye akageuka akaonyesha mgongo. Happiness akateremshwa, akafika mlangoni, akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. "Bila mama siingii. Siingii!"

"Ingia mwanangu, mkunga yupo," nikasema.

"Bila mama siingii!"

Nikakimbilia kwenye tenki. "Gervas, ingia!"

"Aingie mama mkwe na mimi niwemo? Bosi, watasema nimemvua nguo mama wa watu!"

Nikakimbilia mlangoni. "Mama, nakuomba!"

"Mayu," mama Esteria akaniita mama kwa Kisukuma, bila kugeuka, "mimi nataka kuingia kuliko wewe. Huyu ni mke wa mwanangu. Lakini nikikaa uso kwa uso na mkwe, huyo mtoto atazaliwa kwenye aibu." Happiness akapiga ukelele mwingine. Mama Esteria akafungua kitenge chake cha juu, akanipa. "Manyanda! Lete kamba ya ng'ombe."

Tukafunga kamba ukutani hadi ukutani, juu ya kitanda, kitenge kikaning'inia katikati kama pazia. Upande wa kichwani akaingia mama Esteria, akamshika Happiness mabega. Upande wa miguuni akaingia Gervas kwa mlango wa nyuma, macho chini, mikono imeoshwa. Mimi nikasimama ubavuni, palepale kitenge kinapoishia, ninaona pande zote mbili.

Na ndipo kazi yangu ilipoanza, kwa sababu hata maneno hawakuruhusiwa kupeana.

"Bosi, mwambie mama amwambie asisukume kwanza."

"Mama, anasema asisukume kwanza."

"Mwambie tumesikia."

"Wamesikia."

"Mwambie apumue kwa mdomo."

"Mama, apumue kwa mdomo."

"Muulize bado sana?"

Mimi, muuguzi mwenye vyeti, nimesimama natafsiri Kiswahili kwa Kiswahili kwa watu wanaosikilizana vizuri kabisa! Ningekuwa na nafasi ningecheka. Ila Gervas alikuwa amebadilika. Yule mtu wa mahindini hayupo. Sauti yake ilikuwa chini, mikono haina haraka, na kila alichosema kilifanyika. Nikaona kwa nini nilimchagua, na nikaona kuwa nilikuwa nimesahau.

Mtoto akatoka. Kitovu kimemzunguka shingo. Gervas akakitoa, akamfuta, akamsugua mgongo. Kimya.

"Mbona kimya?" mama Esteria akaniuliza.

Gervas alikuwa anamwekea mfuko wa hewa usoni, anaubonyeza, anaangalia kifua kidogo kile. Miaka yote hii na bado sijazoea ule ukimya. Nilifungua mdomo, maneno ya kupeleka upande wa pili sikuwa nayo.

"Muulize! Muulize mkwe!"

Nikashindwa. Ndipo nikasikia sauti yake ikipita juu yangu, kubwa, moja kwa moja, ikipenya kitenge. "Gervas! Mwanangu! Mtoto yupo?"

Gervas hakuinua kichwa. "Yupo, mama. Moyo unapiga. Mshike Happiness mkono, usimwachie. Sekunde chache tu."

"Nimemshika."

"Usimwachie, mama."

"Simwachii, baba."

Na mtoto akalia. Jamani, akalia! Alilia kwa hasira kama mtu aliyeamshwa saa mbaya. Happiness akacheka huku analia, mimi nikalia huku nacheka, Manyanda nje akaanza kuimba Kisukuma na ng'ombe wakaitikia. Ni msichana. Yuko vizuri, mama yake yuko vizuri, damu kidogo tu.

Baadaye mama Esteria akaniita nje. Nilidhani anashukuru. Kumbe ana kesi.

"Nimesema na mkwe wangu na amenijibu. Haiwezi kubaki hivyo. Aibu lazima ifunguliwe. Upande wa mume ulete mbuzi, tule pamoja, mimi nimpe chakula kwa mkono wangu. Hapo itakuwa imekwisha kwangu na kwa wenzangu wote."

"Ndugu zake wako Sumbawanga, mama. Mbali."

"Aliyemleta hapa ni nani?"

"Mimi. Lakini mimi nimemleta kikazi tu, mama. Mimi ni kama..." Na lile neno ninalolichukia likanitoka mdomoni mwenyewe. "Mimi ni kama dalali."

Mama Esteria akanitazama toka kwenye viatu vilivyojaa tope mpaka kichwani. "Dalali akishauza haonekani tena. Wewe umekuja na mvua hii. Nyumba ikiyumba, anayerudi ni nani? Si mshenga? Wewe ni mshenga. Lete mbuzi."

Nimekwenda kwenye bodaboda nikalifungua begi la Gervas kimyakimya nikalirudisha ndani. Sikumwambia mtu yeyote nilikuja kufanya nini.

Jumamosi, 14 Machi, Kasansa

Nimempata mbuzi dume, mkaidi, ambaye amekula kona ya mwavuli wa Damiano. Wameketi akina mama wote waliojifunika nyuso ile siku ya mkutano. Gervas alimkabidhi mama Esteria kamba ya mbuzi, macho chini, mikono miwili. Nyama ilipoiva, mama Esteria akamega ugali, akachovya, akampa mkononi. "Kula, mwanangu." Gervas akainua macho akamwangalia. Mara ya kwanza tangu aoe. Vigelegele vilivyopigwa sidhani kama harusi yao ilivipata.

Kitenge nimenunua kipya na kuweka ndoano ukutani. Kuna wengine wa vitongoji vya mbali ambao hawakula mbuzi, wanataka pazia. Wawe nalo.

Jumapili, 22 Machi, Mpanda

Gervas kapiga simu kutoka juu ya kichuguu kunakoshika mtandao. Wamekuja wawili kwa siku moja! Mmoja kwa pazia, mmoja bila pazia. Nimeruka mpaka Damiano akamwaga chai.

Jumamosi, 4 Aprili, Kasansa

Mkesha wa Pasaka. Mzee Fabiani alishuka garini akiwa na uso wa kufunga milango. Akafika barazani akakuta wajawazito wanasubiri, wengine wanamenya karanga. Ndani kuna mwanamke kitandani, nje mama Esteria ameketi kama mwenye nyumba. Mzee akachungulia.

"Hili pazia la nini? Litolewe, linaleta vumbi."

"Ukitoa pazia umetoa mkunga," mama Esteria akasema.

Mzee akanigeukia mimi, akakohoa. "Dada Theopista, hata hivyo kazi nzuri. Nilikuwa nawaza, kwa kuwa sasa wanakuja, tuwaletee mkunga wa kike. Itakuwa vizuri zaidi kwao."

Kabla sijafungua mdomo mama Esteria akasimama. "Nyie mnatuletea watu halafu mnawatoa. Huyu wa kike naye si ameolewa? Si ana wakwe zake? Tuanze upya? Huyu tumeshamlia mbuzi."

Wale wajawazito wakaacha karanga, wote wanamtazama mzee. Sijawahi kumwona katibu akikubali jambo haraka vile.

Jumanne, 7 Aprili, Mpanda

Nimesaini. Zahanati sita! Damiano amepaka rangi kibao cha ofisi mwenyewe, na lile neno la dalali hajalitamka tangu juzi. Sijui nani kamweleza habari ya mshenga, nadhani ni mimi, mara kama kumi.

Zahanati ya kwanza kupiga simu ni ile ya upande wa Ikola, kando ya ziwa. Bwana Shadrack, msimamizi wake, anataka mtaalamu wa maabara haraka iwezekanavyo. Ninaye: Méthode, kijana wa Katumba, hodari, na mkewe ni wa huko huko ziwani. Novemba ningeruka juu kwa bahati hiyo.

"Ana cheti?" Shadrack akauliza. "Ana uzoefu gani?"

"Hayo baadaye, kaka. Kwanza niambie. Hapo kwenu, mwanaume aliyeoa kwenu mnamchukuliaje? Nani hatakiwi kukaa naye chumba kimoja? Na ikitokea bahati mbaya wakakaa, mnafungua kwa kitu gani, mbuzi au samaki?"

Shadrack akacheka sana. "Dada, mbona unauliza kama mtu aliyekuja kuposa?"

"Ndiyo," nikamwambia, nikavuta kiti. "Haya, sema, nakusikiliza."